Bati Lililokunjwa Mara Mbili

Vijana wangu wa banda la Rusimbi,

Tangu nilipowaachia funguo mwezi uliopita, simu yangu haipumziki. Mmoja ananitumia picha ya mashine ya kukunjia bati yenye mpini mrefu na rangi nyekundu, anataka kujua kama itafaa kwa karakana ya uani kwake. Mwingine anauliza aanze na jiriwa au mkasi. Wa tatu, ambaye simtaji jina kwa sababu ana mke, anauliza kama anaweza kukunjia bati kwenye ukingo wa meza ya chakula. Nimechoka kujibu kwa simu, maana herufi zake ni ndogo na vidole vyangu ni vya fundi. Nimeamua kuandika mara moja nimalize. Mtanivumilia nikipita njia ndefu, kwa sababu kuchagua vifaa sikujifunza dukani. Nilijifunza kwa Mzee Nestori, na somo lilinikaa kichwani wiki niliyomharibia sanduku Mama Konsolata.

Mzee Nestori wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa Mrundi, alikimbilia huku bado kijana, akaoa Ujiji, akajenga Rusimbi, na nyuma ya nyumba yake akaweka banda hili hili mnalolijua. Kiswahili chake kilikuwa na Kirundi ndani, na neno lake la kazi lilikuwa moja tu, "buhoro", yaani taratibu. Alilisema nikikata, nikikunja, hata nikinywa uji.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa shati la Idi. Mama alisisitiza, alidhani naenda ofisini. Mzee alinitazama kuanzia kola hadi chini akasema shati hilo halitaona jioni. Kabla ya adhuhuri, dawa ya kulehemu ilikuwa imelitoboa matundu matatu kifuani. Hakunipa kazi siku hiyo. Alinipa kapu lenye nyundo nne akaniambia nichague moja nitakayokaa nayo. Nilichagua ya chuma, nzito kuliko zote, kwa sababu nilikuwa na miaka ishirini na nilitaka mtaa unisikie. Karai langu la kwanza lilitoka na mabonde kila mahali, kama uso wa mtu aliyepona ndui. Mzee alilitundika mlangoni wiki nzima, wateja wakawa wanauliza limetengenezwa na nani, naye akawa ananionyesha kwa kidevu. Jumatatu iliyofuata nilirudi kwenye kapu mwenyewe nikachukua nyundo ya mninga, ile nyepesi yenye uso mpana. Ndiyo niliyokaa nayo mpaka juzi. Mpini nimeubadilisha mara saba, na kichwa mara mbili, lakini ni ile ile.

Basi andikeni hapo: nyundo ya mbao kwanza. Chuma kwa chuma bati linatanuka, na likishatanuka halirudi.

Vifaa vingine vya Mzee vilikuwa vichache kiasi kwamba mgeni angedhani tumeibiwa. Mkasi mmoja wa bati ulionyooka na mmoja wa kona. Msumari ulionolewa, wa kuchorea mistari. Jiriwa ya kubania, iliyofungwa kwenye gogo. Kipande cha reli cha kugongea, na msiniulize alikipata wapi, reli ya kati inaishia hapa Kigoma na vitu vinavyoishia mahali huwa vinabaki. Kulikuwa na kipande cha bomba la maji urefu wa mkono, kwa kazi za mviringo, hasa zile kofia za taa za karabai wanazotumia wavuvi wa dagaa usiku. Mwisho kulikuwa na ubao wa kukunjia, ambao ndio kiini cha barua hii.

Ubao ule ni huo mnaoutumia leo. Ni mninga mzito wenye engo mbili, yaani vyuma vya pembe. Engo ya juu inabana bati, engo ya mbele imeshikwa na bawaba mbili za mlango mkubwa. Unachomeka bati katikati, unakaza bolti, halafu unainua engo ya bawaba kwa mikono miwili, na bati linainuka lote kwa pamoja bila hata pigo moja. Ukinunua mashine nyekundu ya kwenye simu, utapata kitu hicho hicho, ila kizito zaidi na kinachodai sakafu ya zege. Uani kwako una zege? Basi.

Siri ya ubao ilikuwa kwenye mdomo wa engo ya juu. Mzee aliupiga tupa mpaka ukawa na mviringo mdogo, ukipitisha kidole kinateleza. Kwa hiyo mikunjo yetu ilikuwa na kona laini, na mimi nilizionea aibu kona zile. Siku hizo Rusimbi nzima ilipima sanduku kwa kona. Sanduku la dukani lilikuwa na kona kali, na watu walipitisha kucha pale wakasema hili ndilo sanduku. Letu lilipitishwa kucha likawekwa chini. Nilimwambia Mzee tunoe mdomo wa engo. Akasema buhoro.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Watu walikuja kwa miguu kupitia mpaka wa Manyovu, wengine kwa boti, na kila kukitulia kidogo kwao wengine waliandikishwa kurudi. Sisi mafundi tulifanya kazi kwa pande zote mbili. Aliyefika alitaka ndoo, karai na taa ya koroboi. Aliyetaka kurudi alitaka sanduku. Kulikuwa na familia zilizoagiza sanduku la kurudia kwao miaka mitatu kabla ya kujua tarehe, likakaa chumbani limefunikwa kitambaa, watoto wakalikalia wakila.

Mama Konsolata alikuwa mshonaji. Alifika mtaani kwetu na mtoto mgongoni na cherehani ya mkono kichwani, ameibeba hivyo tangu kwao. Alipangisha chumba nyumba ya pili kutoka kwetu, akawa anashona barazani. Kutwa nzima tulisikia cherehani yake, naye alisikia nyundo zetu, na siku nyundo ilipokuwa haisikiki alipaza sauti kuuliza nani anaumwa. Shati langu la Idi ni yeye aliyelitia viraka. Aliviweka kwa ndani, ukiwa mbali huoni kitu.

Jina lake lilipotoka kwenye orodha ya kurudi, alikuja bandani siku hiyo hiyo. Malori yangeondoka Ijumaa ya wiki inayofuata. Alitaka sanduku la kuingia cherehani ile na si kitu kingine, liibane isicheze, kwa sababu barabara ya kupanda Kalinzi mpaka mpakani ilikuwa mashimo matupu. Mzee Nestori hakuwepo. Binti yake aliolewa Kalinzi na ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa, kwa hiyo alikwenda kusaidia, kwa maneno yake, ingawa binti alituambia baadaye kwamba alikuwa anakaa kivulini akiwaambia wachumaji buhoro. Aliniachia banda na agizo moja, engo yake nisiiguse.

Niliigusa kesho yake tu baada ya Mama Konsolata kuagiza. Nilikaa na tupa asubuhi nzima mpaka mdomo ukawa mkali. Nilijaribu kipande cha bati, kona ikatoka imesimama, nikapitisha kucha mwenyewe nikafurahi sana. Nilijiambia Mama Konsolata ataondoka na sanduku ambalo huko kwao wataliuliza.

Bati nililokuwa nalo lilikuwa la paa la zamani, lenye mawimbi, ambalo tulilinyoosha juu ya reli. Nilipima cherehani vizuri, urefu, upana na kimo, nikachora, nikakata, nikakunja. Nilipoweka ubavu wa pili nikakuta sanduku ni jembamba kwa upana wa kidole. Kila mkunjo unakula bati lake, na mimi sikuuwekea chakula. Badala ya kukata bati jipya nilifungua mkunjo, nikaugongagonga ukanyooka, nikasogeza mstari, nikakunja tena pembeni kidogo. Bati lile lilikuwa limeshakunjwa kiwandani, likanyooshwa na sisi, likakunjwa na mimi kwenye mdomo mkali, likafunguliwa. Lilikuwa limechoka. Kwenye mstari wa kwanza, chini, nikaona ufa mwembamba kama unywele, wenye urefu wa kiganja.

Vijana, niliuona. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu kwa miaka mingi niliwasimulia hadithi hii nikiruka hapo. Niliuona, nikatazama mlangoni kama kuna mtu, nikafungua kopo la rangi ya kijani. Nilipaka rangi mara mbili. Likapendeza mno.

Jumatano asubuhi alikuja kulichukua. Tuliweka cherehani ndani, ikaingia na kubana kama alivyotaka, akacheka, akanisifu kona. Kisha akashika mikono ya sanduku akainua. Nikasikia mlio mdogo tu. Upande mmoja wa chini ukafunguka, cherehani ikateremka, naye akaidaka kwa paja kabla haijafika kwenye kipande cha reli kilichokuwa pale chini. Akakaa sakafuni nayo mapajani, akazungusha mpini mara moja, akasikiliza. Ilikuwa nzima.

Alivuta sanduku karibu akapitisha kidole mahali palipopasuka.

"Hapa ulikunja mara mbili," alisema.

Nilianza kusema bati lilikuwa baya. Alingoja nimalize.

"Rangi ulipaka kabla ya kuona, ama baada?"

"Baada, mama."

"Ego," alisema, ambayo kwao ni ndiyo, na alivyoisema ilinichoma kuliko tusi. Halafu akaniambia jambo ambalo nalikumbuka neno kwa neno. "Kesho kutwa naondoka, Shabani. Nyumba sijui kama ipo. Shamba sijui nani analima. Hii ipo. Nikifika nayo nzima, mimi na mwanangu tutakula."

Nililia. Naandika hivyo kwa sababu nimestaafu na hamwezi kunicheka usoni. Naye akauliza tuna bati gani jingine. Hatukuwa nalo. Nilikimbia madukani Kigoma mjini nikarudi mikono mitupu, treni ya mizigo ilikuwa haijafika na kila duka lilisema wiki ijayo. Niliporudi nikamkuta bado amekaa bandani, anatazama rafu yetu ya koroboi. Koroboi tulizitengeneza kwa makopo ya mafuta ya kula, yale ya msaada, ya mraba, yaliyokuwa kila nyumba. Bati lake ni jembamba lakini laini, linakunjika bila ubishi.

Akauliza hayo yakiunganishwa, si yatakuwa kitambaa kimoja?

Nikasema kwa kulehemu yataachia njiani. Akasema hakutaja kulehemu, yeye ni mshonaji. Akachukua mfuko wa saruji mtupu, akapasua, akakata karatasi mbili, akakunja pindo la hii na pindo la ile, akayapachika moja ndani ya jingine, akalalia kwa kucha. Kisha akanipa nivute. Nilivuta karatasi ikachanika kwingine kote, pale kwenye mshono haikuachia.

Sasa tukawa na shida ya makopo, maana tulihitaji mengi. Alitoka barazani akasema maneno machache kwa Kirundi, akayarudia kwa Kiswahili, na ndani ya muda mfupi uani kwetu kulijaa wanawake. Mmoja alimwaga maharage kwenye kanga akaleta kopo. Mwingine aling'oa miche ya vitunguu akaja na kopo lina udongo. Bibi mmoja wa Ujiji, aliyekuwa anapimia unga sokoni kwa kopo lake, alilitoa huku akituonya kwamba kuanzia kesho watu wa sokoni watapunjwa na lawama ni yetu. Waliyakata vifuniko, wakayaosha kwa mchanga, wakayapanga. Walicheka muda wote, wengi wakinicheka mimi, na nilistahili.

Mama Konsolata alikata ruwaza nzima kwa karatasi za saruji. Kila upande aliacha upana wa kidole wa pindo, na mahali pa mshono akaacha vidole viwili. Nilimwambia fundi bati hakati hivyo. Akaniuliza fundi bati yupi, yule wa sanduku la kijani? Nikakata hivyo.

Engo sikuthubutu kuigusa tena. Nilibana lile bomba la maji kwenye jiriwa nikakunjia kona zote juu yake, taratibu, kwa kiganja kwanza halafu kwa nyundo ya mninga. Kona zikatoka laini kama kiwiko cha mtoto, na hata moja haikupasuka. Mishono niliilaza juu ya reli. Kila mshono ulikuwa na tabaka nne za bati, na zilipokutana nyingi ubavuni zikasimama kama mbavu zenyewe, ukigonga sanduku halitikisiki. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba bati jembamba lenye mikunjo mingi linashinda bati nene lililo tupu.

Alhamisi adhuhuri Mzee Nestori akarudi na mkungu wa ndizi begani. Akasimama mlangoni. Akaona wanawake, makopo, sanduku la kijani limelala ubavu limepasuka, na jipya linalong'aa limejaa picha za makopo za nusu nusu kama kanga ya viraka. Alikwenda kwenye ubao, akapitisha kidole kwenye mdomo wa engo, akakiangalia kama kina damu. Kisha akatafuta tupa, akavuta kigoda, akaanza kuurudishia mviringo wake. Alasiri nzima tulifanya kazi tukisikia tupa ile nyuma yetu. Alipomaliza alikuja akainama juu ya sanduku la makopo, akagonga mshono mmoja kwa kifundo cha kidole.

"Huu umekunja wewe?"

"Mimi, Mzee. Kukata amekata mama."

"Basi na kesho unikatie hivi hivi, yeye akiwa hayupo," akasema, na kwa Mzee Nestori hiyo ilikuwa hotuba.

Nilitaka kulipaka rangi. Mama Konsolata akasema hapana, anataka kuliona. Akaweka cherehani, akaita wanawake wawili walioshiba wakalinyanyua na kulitikisa, kisha akapanda akakaa juu yake mwenyewe na miguu ikining'inia. Vigelegele vilipigwa mpaka mwadhini wa msikiti wa jirani akachungulia. Ijumaa asubuhi tulimpandishia sanduku kwenye lori. Aliniambia urakoze, yaani asante, nami nikamwambia anisamehe. Akasema tutaona likifika Manyovu.

Hatukuona. Watu hawakuwa na simu wakati ule. Nilimaliza mafunzo, nikaoa, Mzee akapata uraia na akazikwa Ujiji mtu mzima kabisa, nikarithi banda. Nimetengeneza vihori vya kulishia mifugo, mifereji ya mvua ya makanisa na misikiti, kofia za karabai nisizoweza kuzihesabu. Katika miaka yote hiyo, kila gari lililopita likiruka shimo, roho yangu ilikwenda kwenye lile sanduku. Mke wangu ni shahidi.

Wiki niliyowakabidhi funguo, mnakumbuka nilichelewa sherehe ya soda. Nilichelewa kwa sababu kulikuwa na mgeni nyumbani. Alishuka kwenye basi la Manyovu akiwa na mjukuu, akawa anauliza mtaani fundi aliyeharibu sanduku, na watu walimwonyesha nyumba yangu bila kusita. Nilimwamkia shikamoo kabla sijamtambua. Nilimtambua aliponitazama kifuani, akitafuta viraka vyake.

Nikamuuliza kabla hajakaa. Akasema mteremko wa baada ya Kalinzi lori liliteleza likalalia ukingo wa barabara. Watu hawakuumia, ila masanduku yaliruka yote. Ya dukani yalifunguka kona, nguo zikatawanyika majanini. Lake lilibingirika likabonyea upande mmoja. Alilifungua pale pale barabarani, akazungusha mpini, sindano ikapanda ikashuka. Alishona kwa cherehani ile mpaka macho yakamzuia, na sasa anashona mjukuu. Sanduku linahifadhi vitambaa. Halijapakwa rangi mpaka leo.

Alikuwa ameniletea aproni ya kazi aliyokata kwa mkono wake, mjukuu akashona. Ni ya kijani, kijani kile kile, na alinitazama kwa makini nilipokuwa naifungua. Nilimwambia amechelewa, nimestaafu. Akasema niivae tu. Ina mfuko mmoja mrefu ubavuni. Nilichukua nyundo yangu ya mninga nikaichomeka, ikaingia mpaka shingoni, ikabana, haichezi. Nyundo ile hajaiona tangu alipopanda lori.

Kwa hiyo, vijana, nunueni nyundo ya mbao, mkasi, jiriwa, na kipande cha bomba. Ubao wa kukunjia jitengenezeeni, mje mpime wangu, na ole wake atakayeleta tupa. Wa meza ya chakula, acha kabisa. Rangi nunueni mwisho, na kabla hamjafungua kopo, muiteni mwenye sanduku alitazame bati likiwa tupu.